Damu, Kaa, Jua

Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakutaja ni kifo cha nani. Wengi hudhani ni cha mgonjwa mwenyewe: anajikaza kisabuni, kila akiulizwa anasema hajambo, na siku majirani wanapolibeba jeneza ndipo wanapoelewa kwa nini alikuwa akipungua. Lakini maradhi yaliyofichwa hayachagui. Yakimkosa aliyeyaficha, huua kilicho karibu naye. Bi Cheche alilijua hilo akiwa ameshachelewa.

Karakana yake ilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi, ukuta mmoja na mshona viatu. Ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye alikuwa mkunja vioo. Humo mlikuwa na meza ndefu iliyounguaungua na jiko la gesi lenye ndimi za moto zilizojipanga kama meno ya kitana. Wifi aliulaza mrija wa kioo juu ya ndimi hizo mpaka ukalegea kama tambi, huku akiupuliza taratibu kwa mpira mwembamba aliouuma mdomoni ili tundu lisizibe, kisha akaukunja kuwa herufi ya taa za matangazo ya maduka. Chumba cha ndani, chenye kiza, kilikuwa cha Bi Cheche. Wifi alizipa herufi umbo. Yeye alizipa uhai.

Kila mrija ulikuwa na ncha mbili. Ncha ni kikombe cha chuma kisichozidi kastabani ya fundi cherehani, kimepakwa ndani unga mweupe kama chokaa na kufungwa kwa kioo; umeme huingilia ncha moja na kutokea nyingine. Mtu asiyejua hudhani adui wa taa ni hewa. Hewa huvutwa na pampu, ikaisha. Adui hasa ni gesi iliyojibanza ndani ya chuma na ndani ya ule unga, na hiyo haitoki kwa kubembelezwa. Hutolewa kwa moto. Bi Cheche alikanyaga kanyagio, umeme mkali ukapita mrijani. Kwanza kioo kilipata joto mpaka kipande cha karatasi kilicholazwa juu yake kikageuka rangi ya chai. Kisha ncha zenyewe zikaanza kuwaka, na pampu ikavuta uchafu wote uliotoka, ili mrija utiwe gesi safi ya neoni inayotoa mwanga. Hapo ndipo penye kazi. Ncha zisipowaka vya kutosha, uchafu hubaki, na taa huanza kupepesa kabla mwenye duka hajaizoea. Zikizidi, chuma hugeuka mvuke na kukipaka kioo masizi, na taa hufa ingali changa.

"Rangi ya damu ni mapema, ya jua umechelewa," marehemu mumewe alimfundisha. "Kaa ndiyo saa yake. Ukiona ncha imekuwa kama kaa linalopulizwa, nyanyua mguu."

Hakukuwa na kipimo kingine. Jicho la Bi Cheche ndilo lililokuwa mizani, na kwa miaka mingi mizani hiyo haikumpunja mtu. Ndiyo maana mtaa ulimpa jina la Cheche, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi.

Kisha ukungu ukaja. Ulianza jicho la kulia, ukahamia la kushoto bila kubisha hodi. Weupe wa mchana ukawa manjano kama maji yaliyochovywa majani ya chai. Alijua ni nini, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa nacho: mtoto wa jicho. "Sikujaliwa mtoto wa tumbo," alijisemea, "amenijia wa jicho." Akacheka peke yake, na mzaha huo hakumsimulia mtu.

Angemsimulia nani? Wifi ndiye mtu pekee aliyekuwa karibu naye, na ndiye Bi Cheche aliyemwogopa kuliko wote. Wifi alikuwa na watoto, na watoto wake walikuwa na watoto. Bi Cheche alikuwa na kanyagio. Kila asubuhi wifi alitembea mtaa mzima kuja karakanani kwa sababu kulikuwa na kazi, na kazi ilikuwepo kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuchoma ncha. Asipoweza kuchoma, wifi atakuja kufanya nini?  Basi akaficha.

Alificha kwa ustadi. Akitakiwa kusoma kitu, alisema miwani ameisahau. Siku aliyomwaga chai nje ya kikombe, alisingizia mkono umekufa ganzi, na kuanzia hapo akawa anakunywa ya kwake chumbani, mlango umerudishwa. Barabarani aliacha kusalimu watu, kwa kuwa hakuwatambua mpaka wawe wameshampita. "Bi Cheche siku hizi anaringa," mtaa ukasema. Alisikia, akapita. Heri wamwite mwenye maringo kuliko kipofu. Hivyo kila pazia alilolishusha kuufunika ugonjwa wake lilimfunika na yeye, mpaka akajikuta anaishi katikati ya watu kama mtu aliyehamishwa.

Asubuhi moja mwoka mikate aliingia na mrija mikononi, ameubeba kama kifaranga aliyekufa.

"Hodi jamani. Mama zangu, mimi kazi yangu ni kuoka. Taa niliyowaagiza iliandikwa MIKATE MOTO. Alfajiri hii inasomeka MIKATE MTO. Wateja wananiuliza kama mto ni wa sufi au wa pamba."

"Wauzie tu," wifi alimjibu bila kutoa mpira mdomoni. "Mikate yako mingine mtu akiilalia anaamka shingo imekakamaa."

"Cheka, mama, cheka. Hii O inakufa mara ya pili."

Wifi alizima jiko, akaupokea mrija na kuugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kicheko kikamwisha. Ncha zote mbili zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni.

"Wifi," aliita kuelekea ndani, "hebu njoo uone."

Bi Cheche alitoka. Aliushika mrija, akaupapasa kwa vidole huku ameinamisha kichwa kama anayetazama. Hakuona kitu. Lakini alisikia jinsi walivyonyamaza wale wawili, akajua wao wameona.

"Ni maungio," alisema. "Maungio yako yanavuja, wifi."

"Yangu?"

"Ncha unaziunga wewe kwenye kioo. Hewa inaingilia hapo."

"Hewa haipaki masizi." Sauti ya wifi ilikuwa ya chini, ya mtu anayemtafutia mwenzake njia ya kutokea. "Taa iliyoingiwa na hewa hufifia na kupauka. Hii imeungua. Wewe ulilijua hilo kabla mimi sijalijua."

Njia hiyo ilikuwa wazi, na Bi Cheche aliiona vizuri kuliko alivyouona mrija. Angesema neno moja. Badala yake akapiga moyo konde.

"Ninachojua, ncha nazichoma mimi, na jicho langu halijawahi kukosea. Labda pumzi yako imezeeka."

Mwoka mikate akaangalia viatu vyake. Mshona viatu, upande wa pili wa ukuta, aliacha kugonga nyundo ili asikie vizuri.

 Wifi alimsubiri mteja aende, kisha akawasha jiko, akakunja O nyingine na kuiunga ncha kwa utulivu wa kutisha. Aliipeleka chumba cha ndani, akaiunganisha na pampu, akavuta hewa yote na kufunga koki. Kwenye kioo cha geji, ile saa inayopima hewa iliyomo mrijani, alichora kistari kwa kalamu ya risasi, pale pale uliposimama mshale.

"Nimeiacha hapo ilale," alisema. "Kesho tazama. Mshale ukiwa umekihama kistari, maungio yangu yanavuja, nami nitakuomba radhi mtaa mzima ukisikia. Ukiwa haujasogea, utakuja nyumbani kwangu uniambie. Mpaka hapo, mimi na wewe ni salamu tu."

Akauchukua mpira wake wa kupulizia kutoka kwenye msumari, akauviringa kiganjani na kuutia mkobani. Mkunja vioo anayeondoka na mpira wake hajaenda kula chakula cha mchana.

Asubuhi Bi Cheche alisimama mbele ya geji. Aliona duara jeupe, kama mwezi nyuma ya mawingu. Alisogea mpaka pua ikagusa ubaridi wa kioo. Mshale ulikuwa humo ndani, na kistari kilikuwa juu yake. Ukweli wote wa nyumba ile ulikuwa umelala ndani ya kitu kidogo kama kisosi, na yeye hakuweza kuusoma. Alipitisha kidole juu ya kioo, kana kwamba risasi ya kalamu ina mdomo wa kumnong'oneza. Upande wa pili wa ukuta mshona viatu alikuwa akipiga mluzi. Ilitosha kumwambia, "Jirani, hebu nisomee." Aliupa ukuta mgongo.

"Umesogea," alisema kwa sauti ndani ya chumba kitupu. Sauti ilimrudia kutoka kwenye mabomba, nayo haikuwa imeshawishika.

Hakwenda kwa wifi. Aliichoma ile O vile vile alivyozichoma nyingine: akaisubiri rangi ya kaa mpaka akaiona, kisha akanyanyua mguu. Mwoka mikate aliichukua, akashukuru kwa adabu, na hakurudi tena. Baadaye Bi Cheche alisikia kwamba amechorewa kibao kwa rangi ya mafuta. Mteja anayelalamika bado ana imani, aliyenyamaza ameshaondoka.

Upweke uliingia karakanani na kukaa kwenye kiti cha wifi. Kwanza ulikuwa upweke wa masikio: jiko lililozoea kuvuma kutwa lilikuwa kimya, na kimya hicho kilivuma zaidi. Kisha ukawa wa mikono. Asubuhi aliteremsha vikombe viwili, akakumbuka, akarudisha kimoja. Mara nyingine, akiwa amekaa kizani, alisema, "Wifi, hivi unakumbuka…" kuelekea mlangoni, na sentensi ikabaki inaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani. Wateja wapya hawakuja, kwa maana asingeweza kukunja hata mstari ulionyooka. Mchana ulikuwa mrefu. Alilifuta vumbi, akalifuta tena, asijue kama limetoka.

Kitu kimoja tu kilimliwaza. Juu ya mlango wa karakana palikuwa na taa iliyotengenezwa na marehemu mumewe walipofungua kazi: mrija mmoja uliokunjwa kama ulimi wa moto, mwekundu, usio na herufi. Mumewe ndiye aliyeukunja na kuupuliza kwa pumzi yake. Dada yake, wakati huo msichana asiyejua kitu, alishika upande wa pili. Na ncha zake zilikuwa za kwanza ambazo Bi Cheche alizichoma sawasawa, akazisimamisha kwenye rangi ya kaa barabara, mume akapiga kofi mezani na kusema, "Sasa nina fundi." Taa hiyo haikuwahi kufa. Mumewe alikufa, nayo ikaendelea kuwaka. Jioni Bi Cheche alipobonyeza swichi na kutoka nje kuitazama, ndiyo pekee iliyoweza kuupenya ukungu wa macho yake. Haikuwa ulimi tena, ilikuwa doa jekundu lililotanda. Lakini alijua ni nani.

Alasiri moja alihisi buibui wametanda kwenye kona ya mlango. Nyuzi zilimgusa uso. Alichukua ufagio wa mti mrefu na kuupandisha. Alidhani ni kona, kumbe ufagio ulikuwa pembeni zaidi, penye taa. Alisikia *tik*, sauti ndogo kama ya kuvunja njugu, kisha mfyonzo mfupi wa hewa inayoingia mahali ilipokatazwa kwa miaka yote ile. Alibonyeza swichi. Akaibonyeza tena. Akatoka nje na kuinua uso, na kwa mara ya kwanza hakuona chochote kabisa.

"Vipi jirani?" mshona viatu alimuuliza. "Taa ya mzee imekuwaje?"

"Upepo."

"Upepo upi? Moshi wa sigara yangu umesimama kama mlingoti."

Bi Cheche akaingia ndani na kufunga mlango. Mshona viatu alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa wa mdomo usiokaa na habari. Kabla jua halijapanda siku iliyofuata, wifi alikuwa mlangoni.

"Sikuja kwako," alisema. "Nimekuja kwa kaka yangu."

Aliuteremsha mrija mwenyewe, akaupapasa wote, na Bi Cheche akamsikia akishusha pumzi. "Mwili ni mzima. Kimevunjika kimkia tu, pale mrija ulipofungiwa baada ya kuvutwa hewa. Naweza kuunga kingine. Ncha ni zile zile. Ukizichoma upya, itawaka."

Wifi akatoa mpira mkobani. Jiko liliposhika moto na kuanza kuvuma, Bi Cheche alisogea kulisikiliza. Hakujua kwamba mtu anaweza kuukosa mvumo kama anavyokosa sauti ya mtu. Alitamani kusema. Maneno yalipanda mpaka mlango wa meno, akayaona jinsi yatakavyosikika baada ya yale aliyoyasema mbele ya mwoka mikate, akayameza tena, yakiwa machungu kama shubiri.

Mrija uliunganishwa na pampu. Hewa ilivutwa. Bi Cheche akakaa kitini, akauweka mguu kwenye kanyagio. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, wifi hakuwahi kusimama humo ndani wakati wa kuchoma. Chumba kilikuwa chembamba na kila mmoja alikuwa na moto wake. Siku hiyo alisimama mlangoni, mikono kifuani. Alikuwa anamsubiri kaka yake.

Kioo kilipata joto. Karatasi ikageuka rangi ya chai. Bi Cheche akaongeza umeme, na ncha zikaanza kuiva.

"Damu," wifi alisema polepole. Naye alifundishwa na mtu yule yule.

Bi Cheche alikodoa macho. Mbele yake palikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu alama mbili za kahawia.

"Kaa hilo," wifi akasema. "Nyanyua."

"Bado."

"Wifi, limefika. Nyanyua mguu."

"Bado ni damu. Naona."

"Huoni. Ni jua hilo, wifi, linaniumiza macho. Nyanyua mguu."

Wifi alinyoosha mkono na kuurudisha. Umeme ule haujui undugu; mkono ukikosea ukaugusa mrija, mwenye mkono hafiki kesho. Bi Cheche alisubiri rangi aliyoijua tangu ujana wake. Rangi ikaja hatimaye, nzuri, ya kaa linalopulizwa, na moyo wake ukatulia, akanyanyua mguu. Ndipo akasikia kioo kikilia. Kilikuwa kimelegea kuzunguka ncha, na pampu ikakinyonya ndani kama shavu la kibogoyo. Ufa ukapanda kutoka hapo, ukaufuata ule ulimi wa moto mkunjo kwa mkunjo hadi juu. Kisha pampu ikaanza kukohoa, ikivuta hewa ya chumbani.

Wifi alienda kuizima. Wakakaa kizani.

"Tangu lini?" wifi aliuliza.

"Tangu kabla ya O ya kwanza."

"Na ile geji?"

"Sikuweza kuisoma."

 Wifi alipozungumza tena, hasira haikuwemo, na hilo lilimchoma Bi Cheche zaidi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kama sichomi ncha, ungekuwa unakuja kufanya nini hapa?"

"Kunywa chai," wifi akasema. "Unadhani mtu wa umri wangu anautembea mtaa mzima kila asubuhi kwa kuipenda gesi? Nilikuwa nakuja kunywa chai na wewe. Ukaanza kunifungia mlango."

Ni wifi aliyempeleka hospitali, akimshika kiwiko na kusalimia watu kwa niaba yake njia nzima. Daktari wa macho alimtoa mtoto wa jicho, kwanza wa kulia, baadaye wa kushoto, kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kukunja herufi moja yenye kona. Bandeji zilipofunguliwa, kuta zilikuwa nyeupe hata zikamtia haya. Aliona kwamba nywele za wifi zimejaa mvi, na hakujua zilianza lini. Karakanani aliona kistari cha risasi kwenye kioo cha geji, chembamba, kimenyooka, kingali kinasubiri kusomwa.

Wifi alirudi kwenye jiko lake. Walikunywa chai pamoja, mlango wazi. Lakini mizaha ilikuwa imepungua, na katikati ya maneno yao palikuwa na mahali ambapo wote wawili walipazunguka, kama watu wanavyolizunguka shimo barabarani. Wifi aliwahi kusema, "Nitakunja nyingine, mfano wa ile ile."

"Pumzi haitakuwa yake," Bi Cheche akamjibu, na wifi hakulirudia tena.

Juu ya mlango paliachwa patupu. Ulimi wa moto uliopasuka Bi Cheche aliutundika chumba cha ndani, mkabala na kanyagio, mahali ambapo macho yake mapya yasingeweza kuukwepa: kioo kilichobonyea, ufa, na ncha mbili nyeusi tititi. Mteja mmoja alipouona akauliza taa nzuri hivyo ilikufa kwa ugonjwa gani.

"Yenyewe haikuwa na ugonjwa," Bi Cheche alimwambia. "Mgonjwa nilikuwa mimi, nikaficha. Na mficha maradhi, kifo humuumbua."